Mwonjaji wa Biskuti Aliyeikimbia Sukari

Jumatatu, 4 Machi

Mambo yameharibika. Tena asubuhi na mapema, kabla hata sijafunga vifungo vya koti langu jeupe. Meneja ametukusanya mbele ya matanuri na kutangaza kwamba Jumanne ijayo bibi afisa lishe wa zahanati atakuja kutupima sukari kwenye damu. Wote, kiwanda kizima. Atakayekutwa sukari imepanda ataondolewa kwenye idara za utamu na kupelekwa ufungashaji, kwa usalama wake mwenyewe. Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Mimi ndiye mwonjaji. Hakuna biskuti inayotoka kiwandani bila kupita kwenye ulimi huu. Nina chumba changu, nina dirisha, nina kiti chenye mgongo, na kiwandani kote hakuna kiti kingine chenye mgongo isipokuwa cha Meneja. Neno langu juu ya utamu ni amri. Mkandaji wa unga, mtu mwenye mikono kama makasia, hathubutu kuongeza hata kijiko bila mimi kutikisa kichwa.

Na sasa sindano!

Nimekula biskuti miaka yote hii, kila siku ya kazi, za maziwa, za tangawizi, za krimu. Damu yangu lazima imekwisha kuwa shira. Huyo bibi akinichoma kidole nzi watakuja. Shingo wa kwenye tanuri alicheka kwa sauti. Namwita Shingo kwa sababu kila akipita dirishani kwangu huirefusha ili akione kiti. Anakitaka. Hata kipofu angejua.

Nyumbani nimemweleza mke wangu. Akasema jambo jepesi: zahanati iko pale kwenye kona, nipite kesho nipimwe, nijue moja. Nikamwambia sina nafasi. Ukweli ni mwingine. Baba yangu alikuwa na sukari. Walimkata mguu. Nilimwona siku aliyorudi kutoka hospitali, blanketi limelala bapa pale mguu ulipotakiwa kuwa. Naogopa. Hapa kwenye shajara naweza kusema: naogopa sana.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mpango. Nina siku chache za kuisafisha damu. Nimekwenda kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu mstaafu wa sayansi anayekaa mtaa wa pili. Sikumwambia ni mimi. Nikamwambia kuna rafiki yangu ana wasiwasi.

Shemeji akanipa kipande cha mkate mkavu. Akaniambia nikitafune bila kumeza. Nikatafuna. Nikaendelea kutafuna. Hee! Mkate ukaanza kuwa mtamu mdomoni mwangu, mkate usio na chembe ya sukari. Akaeleza kwa furaha, kama yuko mbele ya darasa, kwamba wanga si kitu kingine ila sukari nyingi zilizoshikana mikono, na mate ndiyo yanayoanza kuziachanisha. Tumbo linamalizia kazi. Mkate, wali, viazi, ndizi, mahindi, vyote vinaishia kuwa sukari kwenye damu.

Nikautema mkate kwenye kiganja. Damu iliniganda. Kumbe biskuti ni adui mmoja tu, na nyumbani nimekuwa nikilishwa jeshi zima! Shemeji akaongeza kwamba hilo si baya, mwili ndivyo unavyopata nguvu, na kongosho linatoa homoni ya kuiingiza hiyo sukari kwenye seli, kwa hiyo rafiki yangu asihangaike, aende tu akapimwe. Hapo nilikuwa nimekwisha simama mlangoni.

Uamuzi: wanga basi. Mke wangu aliandaa wali na maharage. Nikasema jino linauma. Akanihurumia, akanipikia uji, nao ni wanga uleule, nikaumwaga alipogeuka.

Jumatano, 6 Machi

Mayai asubuhi. Nyama mchana. Nyama jioni, na mboga za majani. Mke wangu anauliza jino gani hili linaloshindwa wali na kuweza nyama.

Kazini nimebuni njia. Naonja, naviringisha biskuti mdomoni, kisha natema kwenye kopo lililo chini ya meza. Kazi inafanyika na damu inabaki salama. Nilikuwa nikijipongeza nilipoinua macho nikaona shingo dirishani. Ameona kopo. Akaenda zake akitabasamu, na tabasamu hilo limenikaa tumboni mahali pa chakula.

Kichwa kinagonga. Shemeji anasema ubongo wa binadamu ni mlaji mkubwa wa sukari, ukikosa unalalamika. Nikamuuliza kwa niaba ya rafiki yangu: mtu akila nyama tupu, sukari si itakwisha? Akacheka. Akasema hapana, ini lina ghala lake la sukari, linaweka akiba wakati wa shibe na kuifungua wakati wa njaa. Na akiba ikipungua, ini hilohilo linaweza kutengeneza sukari kutokana na nyama.

Kutokana na nyama!

Nimerudi nyumbani nimejishika ubavu wa kulia. Ninaishi na msaliti ndani ya mwili wangu mwenyewe. Mimi najinyima, yeye anafungua ghala. Siku ya kupimwa anaweza kumwaga yote kwa mara moja, makusudi. Nilimuuliza shemeji ghala hilo linafilisiwa namna gani. Akasema misuli ikifanya kazi hutumia sukari. Akasema pia mambo mengine kuhusu kula vizuri na kupumzika, lakini nilikuwa nimekwisha kupata nilichotaka.

Alhamisi, 7 Machi

Kupanda na kushuka ngazi za ghala la unga. Hiyo ndiyo dawa. Nilijificha huko wakati wenzangu wakinywa chai, nikapanda mbio, nikashuka mbio, roho mkononi. Mara ya kwanza nilijiona kijana. Baadaye magoti yakaanza kuongea. Nikiwa nimeketi kwenye gunia nahema, Meneja akaingia. Akauliza ninafanya nini. Nikasema nawinda panya.

Alifurahi. Alisema ni watu wachache siku hizi wenye moyo wa kujitolea namna hiyo. Amenipa jukumu la panya kiwanda kizima, na anataka maelezo kila asubuhi. Panya nawaogopa tangu utotoni.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili: leo biskuti zilikuwa tamu kupita kiasi! Tamu hadi meno yakanisisimka. Za maziwa, zinazotakiwa kuwa na utamu wa kistaarabu, zilinipiga ulimi utadhani nimelamba asali. Nikajaribu nyingine, hali ni ileile. Nikaelewa papo hapo. Shingo na mkandaji wamekula njama. Wanaongeza sukari ili kila nikionja ipenye, Jumanne nianguke, na kiti kiwe chake.

Sikuonyesha hofu. Nilijikaza kisabuni, nikamwita mkandaji, nikamwamuru apunguze sukari. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akauliza tena, huku akinitazama mdomoni. Nikamwambia ulimi ni wangu na mikono ni yake, kila mtu ashike kazi yake. Akapunguza.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu ameniomba nilale nikielekea ukutani. Anasema pumzi yangu inanuka kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Aliniuliza kwa upole kama nimeanza kunywa kitu.

Nilikimbilia kwa shemeji nikiwa nimeziba mdomo kwa leso. Akasema rafiki yangu, yaani huyo rafiki yangu, atakuwa ameacha wanga kabisa, na sasa mwili unachoma mafuta yake badala ya sukari, na hiyo harufu ni moshi wa jiko hilo. Nikataka kufurahi, kwa kuwa sukari sasa imekwisha. Lakini wazo kwamba ninaungua ndani kwa ndani lilinifuata mpaka kazini. Nilipopita karibu na tanuri nilizunguka kwa mbali, nisije nikashika moto.

Biskuti bado tamu! Nilipunguza jana, leo bado tamu! Watu hawa hawana haya. Nikaamuru sukari ipunguzwe tena, na ya krimu pia, na ya tangawizi. Mkandaji safari hii hakuuliza. Alikwenda akapunguza, mabega yameinama kama mtu anayebeba jeneza.

Shingo alikuja mlangoni. Akaniuliza kama niko salama, akasema nimepauka, akaniletea chai. Aliniita mzee wangu. Wema kutoka kwa mtu anayekitaka kiti chako ni jambo la kutisha kuliko matusi. Chai nikaimwaga dirishani. Ilikuwa na sukari, niliinusa.

Habari za panya: nimeandika kwamba hali inadhibitiwa.

Jumapili, 10 Machi

Jana nilishindwa kuandika, mkono ulikuwa unatetemeka. Leo kidogo afadhali.

Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha shemeji kwamba mwili hutumia nguvu hata ukiwa umelala, kwa kupumua, kwa kusukuma damu, kwa kulinda joto lake. Na ukipata baridi ukaanza kutetemeka, misuli inachoma sukari zaidi. Basi! Kutetemeka huku siwezi kukuacha kupotee bure. Asubuhi nikaoga maji ya pipani, nikakaa uani na fulana mbichi, kivulini, nikisubiri kutetemeka. Nikatetemeka vizuri sana. Jirani alichungulia juu ya ukuta akanisalimia, nikamwitikia meno yakigongana, akamwita mke wangu.

Mke wangu alikuja na taulo. Alinifunika mabega, kisha akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Niliona machozi.

"Baba watoto, unaogopa nini?"

Nikasema siogopi kitu.

"Baba mkwe hakukatwa mguu kwa sababu alipimwa," akasema. "Alikatwa kwa sababu alikataa kupimwa mpaka kidonda kikaoza. Mimi ndiye niliyekuwa nakisafisha. Wewe ulikuwa unatoka nje."

Ni kweli nilikuwa natoka nje. Nilikuwa nasimama karibu na bomba, nafungua maji ili nisimsikie baba. Mke wangu alinisugua mgongo kwa taulo mpaka ngozi ikapata joto, na wala hakunisema tena. Nilitamani kulia, lakini nilihofia kwamba machozi yangekuwa na sukari na yeye angeyaona.

Nimefikiria maneno yake mchana kutwa. Yamenigusa. Nimeona kweli kwamba lazima nibadilike, niache mchezo, nichukue hatua ya kiume. Kesho sitakula kitu chochote kabisa.

Jumatatu, 11 Machi

Sijala. Maji tu. Dunia ina mawimbi.

Maboksi yamerudi! Lori la kwanza lilipakua kabla ya saa nne. Maduka yanasema biskuti zetu hazina ladha, wateja wanauliza kama ni za mbwa. Mama mmoja mwenye duka alikuja mwenyewe, amevaa kofia ya jua, akaziweka juu ya meza ya Meneja moja moja na kudai ale mbele yake. Meneja akala. Nilikuwa nachungulia. Alitafuna taratibu, na uso wake ukawa wa mtu anayetafuna kadibodi kwa heshima.

Akaniita. Akaniuliza nini kimetokea. Nikachukua moja mezani nikaiuma, na naapa ilikuwa tamu! Nikasema huenda ni tanuri. Moto ukizidi unaua utamu, nikasema, ni jambo linalojulikana. Shingo akaitwa. Alisimama mikono nyuma, akasema tanuri liko vilevile, na akaniangalia kwa huruma. Kwa huruma! Meneja akasema kesho baada ya kupimwa tutakaa wote, mimi, Shingo na mkandaji, tuonje kwa pamoja na tujue mzizi wa jambo hili.

Kwa hiyo kesho ni sindano na kesho ni kikao. Maji yamenifika shingoni. Mke wangu ameweka sahani ya viazi mezani, akaifunika, akaondoka. Harufu yake inapita chini ya kifuniko. Nimeipisha sebule nzima.

Jumanne, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulipanga foleni kwenye chumba cha chakula. Bibi afisa lishe ni mwanamke mfupi, mwenye viatu vya raba na sauti ya chini. Shingo alikuwa mbele yangu. Alitoa kidole huku akipiga soga, akachomwa, akaambiwa yuko salama, akainuka. Mkandaji naye salama, na mtu yule hunywa chai ambayo kijiko kinasimama chenyewe.

Ikawa zamu yangu. Nikakaa. Nikaiona sindano. Ilikuwa ndogo, ndogo mno, naamini hata chungu ana mwiba mkubwa kuliko ule. Nikasikia kengele kwa mbali na meza ikanijia usoni.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni na mdomo umejaa utamu. Shingo amenipakata kichwa, ananinywesha maji ya sukari kwa kijiko! Nikapiga kelele. Nikatema. Nikamshika shati nikamwambia mbele ya watu wote kwamba njama zake nimezijua tangu mwanzo, yeye na mkandaji, na kwamba sitameza. Watu wakanishika miguu. Bibi afisa lishe ndiye aliyewaamuru wanipe, na ndiye aliyenifunga mdomo kwa mkono wake mpaka nikameza.

Kisha akaniambia kwamba alikwisha nichoma kidole nilipokuwa nimezimia, kabla ya hayo maji. Sikuwa nimesikia hata kidogo.

"Mzee wangu, sukari yako haijapanda, imeshuka," akasema. "Una njaa. Hicho ndicho kinachokuumiza."

Njaa! Wafanyakazi wote walisikia. Akaniuliza nimekula nini wiki hii, na kwa kuwa nilikuwa mnyonge nikamweleza yote, nyama, ngazi, baridi, kopo. Alisikiliza bila kucheka. Akasema nile kama kawaida, kisha Alhamisi nipite zahanati anipime sawasawa. Halafu, akiwa anafunga mkoba, akaongeza kwa nia njema kabisa kwamba mtu akiacha vitu vitamu kwa siku kadhaa, ulimi wake huanza kuona utamu mwingi hata pale ulipo mdogo.

Meneja akageuza kichwa polepole kunitazama. Mkandaji akakohoa, akasema yeye aliuliza.

Kikao hakikuwa na haja. Kuanzia kesho niko ufungashaji. Shingo atakaa kwenye kiti mpaka ulimi wangu utulie. Nilitaka kumwambia kitu kikali, lakini alikuwa bado ameshika kijiko, na shati lake lilikuwa limechanika mahali nilipolivuta. Nilichoweza kusema ni kwamba akiegemea sana, mgongo wa kiti unalia.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekula. Wali, maharage, ndizi, kipande cha mkate. Mke wangu alikaa mbele yangu akihesabu matonge kwa macho. Niliona nguvu zinarudi mpaka kwenye ncha za masikio.

Kisha akanishika mkono mpaka zahanati, hakuniachia hata barabarani. Bibi afisa lishe akanichoma tena. Nilifumba macho na kuona mguu wa baba. Nikasikia mke wangu ananiminya bega. Halafu sauti ile ya chini ikasema sukari yangu iko sawa kabisa, sina ugonjwa wa sukari, wala sikuwa nao.

Miaka yote hii! Mke wangu alicheka, kisha akalia, kisha akacheka. Mimi nilisimama katikati ya chumba nikiwa mwepesi, nikitamani kumkumbatia hata mlinzi wa getini. Nikasema sasa nimejifunza. Nikasema mbele ya mashahidi kwamba sitaogopa tena kipimo chochote.

Bibi afisa lishe akasema vizuri, basi nikae nipimwe na presha.

Alinifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama, akajaza tena. Akasema imepanda kidogo. Pengine ni hofu tu, akasema, kwa maana hofu huipandisha presha. Nitulie, nipumzike, nirudi mwisho wa mwezi, ataandika majibu kwa Meneja, maana Meneja amesema hanirudishi kwenye kiti mpaka vyote viwe sawa, ulimi na presha. Akanipa mkono na kunitakia amani.

Ijumaa, 15 Machi

Nimelielewa tatizo, na safari hii nimelielewa barabara. Adui si sukari. Adui ni hofu. Hofu ikiniingia presha inapanda, presha ikipanda kiti kinakwenda. Kwa hiyo mpaka mwisho wa mwezi natakiwa nisiogope hata kidogo, hata kwa bahati mbaya.

Mpango umeanza leo. Sivuki barabara, nazunguka. Redio nimeizima kwa sababu ya habari. Ufungashaji nimewaomba wasiangushe maboksi ghafla, na Meneja nimemwandikia kwamba panya wapewe mtu mwingine. Mke wangu haruhusiwi kuingia chumbani bila kukohoa kwanza. Supu nimeikataa, nasikia chumvi nayo ina mambo yake. Nimempigia shemeji simu kuuliza kama kuna chakula kinachoondoa hofu. Alinyamaza muda mrefu, na ukimya ule ulinitisha vibaya sana, nikakata.

Sasa nimekaa kitandani, nimeweka vidole kwenye mshipa wa mkono, nausikiliza moyo. Unapiga. Nikiuambia utulie unapiga zaidi. Tangu asubuhi siogopi kitu chochote, na nimetetemeka hata kalamu imetoboa karatasi.